Programu iliyostaafu: tuitie kiraka au tuihame?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, haipiti wiki bila mimi kuulizwa swali lile lile. Mashine inawaka, inachapisha, haijagoma hata siku moja. Vipi naambiwa imekwisha? Wanaoniuliza ni wenye saiba, walimu, makarani wa zahanati na wenye maduka hapa Skuta, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ambako riziki ya kutunza kompyuta imenileta. Nikishuka Mombasa kuwaona jamaa, swali linanifuata hadi Kisauni na Likoni. Ndiyo maana nimeona niliandikie hapa, kwa sababu linawahusu watu wa Pwani sawasawa na watu wa mlimani.

Nyuma ya swali hilo kuna jingine lililo gumu zaidi, na ndilo ninalotaka tulitazame. Programu ikishastaafu, halafu ikagunduliwa ina ufa ambao mwizi anaweza kupitia, je, tutafute mtu aizibe hivyo hivyo ilivyo, au tuiache tuhamie mpya? Wengi hujibu kwa mazoea. Mwenye pesa husema nunua mpya, asiyekuwa nazo husema tia kiraka twende. Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi na yote mawili yanaweza kumfilisi mtu. Inategemea mambo matatu ambayo nitayafikia, lakini kwanza tuelewe kinachozungumzwa.

Programu haichakai kama gurudumu. Iliyoandikwa mwaka 2009 leo inafanya vile vile ilivyofanya siku ile. Kinachobadilika ni kwamba watu, wema na wabaya, wanaendelea kuichunguza na kugundua makosa yaliyokuwamo tangu mwanzo. Maadamu mtengenezaji bado anaihudumia, kila kosa likigunduliwa hutoa kiraka, nawe unakipokea kupitia intaneti, mara nyingi bila hata kujua. Siku anapotangaza kuwa huduma imekwisha, makosa hayaachi kugunduliwa. Viraka ndivyo vinavyokoma kuja.

Wenzangu wa Lamu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Jahazi likiingiza maji, fundi wa Matondoni hutia kalafati: huchukua pamba iliyolowa mafuta na kuishindilia katikati ya mbao, kisha jahazi linarudi baharini. Jahazi moja hutiwa kalafati mara nyingi katika umri wake na hakuna anayeona ajabu. Lakini fundi mzuri anajua pia siku ya kumwambia nahodha kwamba ubao wenyewe umeoza, na pamba haina tena pa kushika. Kazi yetu sisi watunza kompyuta ni kuijua siku hiyo kabla maji hayajajaa.

Sasa, kiraka cha programu ya zamani hupatikanaje? Tuseme programu ina toleo la tano na toleo la nane. Ufa umegunduliwa katika msingi ambao matoleo yote mawili yanautumia. Mtengenezaji anaziba toleo la nane peke yake, kwa kuwa la tano ameshaliacha. Mtu mwingine anakichukua kiraka hicho, anakisoma mstari kwa mstari, kisha anakirudisha nyuma kwenye toleo la tano. Hapo ndipo kazi ilipo. Toleo la tano halifanani na la nane, kwa hiyo kiraka hakikai kama kilivyo. Lazima akikate upya na kukishona upya, halafu ajaribu kama kimeziba ufa bila kuvunja kitu kingine.

Kazi hiyo inafanywa duniani kila siku, tena vizuri sana. Mfano ninaoupenda ni wa PHP, lugha ambayo tovuti nyingi na programu nyingi za ofisi zimeandikwa kwayo. Toleo la 5.4 la PHP liliachwa na wenyewe Septemba 2015. Lakini kampuni ya Red Hat ya Marekani ilikuwa imeliweka toleo hilo ndani ya mfumo wake wa Linux, toleo la 7, na iliwaahidi wateja wake kuutunza mfumo huo hadi Juni 2024. Kwa hiyo kwa karibu miaka tisa wahandisi wake walichukua viraka vya PHP mpya na kuvirudisha katika PHP 5.4 ambayo wenyewe walishaisahau. CentOS 7, iliyokuwa pacha wa mfumo huo na ikitolewa bure, ilipata viraka hivyo hivyo. Mtu aliyetazama nambari angesema seva yake ina programu iliyokufa. Kwa kweli ilikuwa na nambari ya zamani na dawa mpya ndani yake.

Kwa hiyo anayesema kwamba programu ya zamani ni hatari siku zote anakosea. Swali la kwanza ni nani anaitunza, na ameahidi hadi lini. Huduma ya CentOS 7 ilifikia kikomo tarehe 30 Juni 2024. Kabla ya siku hiyo ilikuwa mahali pa amani, baada yake mlinzi ameondoka. Mashine ni ile ile, na hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Mara nyingi nikilieleza hili najibiwa kwamba jambo likiwa kubwa kweli, kampuni yenyewe italeta kiraka hata kama muda umekwisha. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Kabla mwezi haujaisha ukagunduliwa ufa mkubwa katika Internet Explorer, na Mei mosi Microsoft ikatoa kiraka, XP ikiwemo. Mei 2017 kikaja kirusi cha WannaCry, kilichofungia watu mafaili yao na kudai fidia, na Microsoft ikatoa tena kiraka cha XP, miaka mitatu baada ya kuizika. Mei 2019 ulipogunduliwa ufa uliopewa jina la BlueKeep, ilifanya hivyo kwa mara nyingine. Hata Windows 7, iliyoachwa tarehe 14 Januari 2020, ilipata marekebisho kwa wote baada ya hapo, kwa sababu sasisho lake la mwisho lilikuwa likigeuza picha ya skrini za watu kuwa weusi mtupu.

Ukizitazama nyakati hizo kwa makini utaona hazikuwa ahadi. Kampuni ilipima hatari ya dunia nzima, au aibu yake yenyewe, ikaamua. Kati ya matukio hayo kulikuwa na mamia ya nyufa ndogo ndogo ambazo XP haikuzibiwa kwa umma. Mwizi hahitaji ufa mkubwa unaotangazwa na redio. Mdogo unamtosha.

Kisa cha WannaCry kinasimuliwa sana, lakini mara nyingi kinasimuliwa nusu. Watu hukumbuka hospitali za Uingereza: taasisi 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa huko England zilivurugika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Wanaongeza kwamba kosa lilikuwa Windows XP. Hesabu za kampuni ya Kaspersky zilionyesha jambo jingine. Katika mashine zilizoambukizwa ambazo waliziona, takriban asilimia 98 zilikuwa na Windows 7, na mwaka 2017 Windows 7 bado ilikuwa ikihudumiwa. Kiraka chake kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya kirusi kuja. Kilikuwepo, bure, na hakikuwekwa.

Hapo naomba tusimame, kwa sababu hapo ndipo sisi tulipo. Saiba nyingi ninazoingia, za huku mlimani na za huko Pwani, zimezima masasisho. Sababu inaeleweka: sasisho moja linaweza kumaliza bando la siku, na mteja anayesubiri kuchapisha fomu hatasubiri mashine ijiwashe upya mara mbili. Nyingine zina Windows ya wizi ambayo fundi aliyeiweka alizima masasisho makusudi ili isigundulike. Mwenye mashine kama hizo hana haja ya kubishana kuhusu programu iliyostaafu. Yake ilistaafishwa siku alipoizima masasisho, hata kama kibandiko kinasema ni mpya. Kabla hujauliza nani atakutilia kiraka programu ya zamani, hakikisha umevaa viraka ulivyokwisha kupewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ndio ufa wa bei rahisi kuliko yote.

Upande wa pili upo pia, na nauheshimu. Kiraka kinaweza kuleta madhara kuliko ufa, hasa kikishonwa na mkono usiokuwa wa aliyeiandika programu. Mwaka 2006 watunzaji wa Debian, mfumo wa Linux unaoheshimika sana, walifanya marekebisho madogo katika programu ya OpenSSL inayotengeneza funguo za siri. Nia ilikuwa njema, kuondoa onyo lililokuwa likiwasumbua. Mwezi Mei 2008 ikagundulika kwamba marekebisho hayo yalikuwa yameondoa karibu bahati nasibu yote inayohitajika. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, zilizowezekana zilibaki 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza kwa muda mfupi. Kwa karibu miaka miwili watu duniani walifunga milango yao kwa kufuli ambazo zote zilitoka katika kikapu kimoja kidogo. Wale walikuwa mabingwa, tena walikuwa wakiitunza programu iliyo hai. Sasa mfikirie kijana wa mtaani unayemwita akuandikie kiraka cha programu ambayo hakuna tena wa kumuuliza.

Nieleze kisa kimoja cha huku, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kulipima jambo hili kwa utaratibu. Kuna chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa ambacho huniita kutazama mashine zake. Sitakitaja jina. Kina programu inayoandika kilo za kila mkulima anapoleta kahawa yake kiwandani, na mwisho wa msimu ndiyo inayokokotoa malipo. Iliandikwa kwa PHP 5.4, ikawekwa katika seva ya CentOS 7, na kijana aliyeiandika yuko Ghuba anatafuta maisha. Ndani yake kuna majina, nambari za vitambulisho, simu na akaunti za benki za wanachama. Mkulima wa hapa akidhulumiwa kilo zake, msimu wote umepotea, na historia ya kahawa ya Nyeri imejaa malalamiko ya malipo kiasi kwamba hakuna atakayeamini ukimwambia ni kompyuta.

Juni 2024 mambo mawili yalikutana. Huduma ya CentOS 7 ilikuwa inafikia kikomo, na mapema mwezi huo ulitangazwa ufa mkubwa wa PHP. Viraka vilitolewa kwa matoleo ya 8.1, 8.2 na 8.3 pekee. Ya nyuma yake, pamoja na 5 na 7, hayakupata kitu kutoka kwa wenyewe. Meneja alisikia habari hizo akanipigia simu. "Fundi, wewe tutilie hicho kiraka tu, tumalize msimu huu kwa amani." Nikamwambia, "Mzee, nipe siku mbili nisome kwanza."

Kusoma ndiko kulikotuokoa na kazi ya bure. Ufa ule ulikuwa unahusu PHP iliyowekwa katika Windows, tena kwa namna maalumu, kama vile ile inayokuja na kifurushi cha XAMPP. Seva ya chama ilikuwa ya Linux. Ufa haukuifikia hata kidogo. Kama tungekimbilia kushona kiraka, tungegusa programu ya malipo katikati ya kazi kwa ajili ya mlango ambao nyumba yetu haikuwa nao. Kwa upande mwingine, ofisi yenye XAMPP katika kompyuta ya Windows, na ziko nyingi Nyeri na Mombasa, ilikuwa na haki ya kukosa usingizi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima ni hili: je, ufa huu unakufikia? Nyufa hutangazwa kwa wingi, na kila tangazo limeandikwa kana kwamba dunia inakwisha. Uliza uko katika sehemu gani ya programu, na kama sehemu hiyo unaitumia. Uliza mwizi anahitaji awe wapi, ndani ya ofisi au popote duniani. Na ukiweza kuondoa njia ya kufikiwa, umepata nafuu kubwa kuliko kiraka. Kwenye chama kile, ukurasa wa kuingilia ulikuwa wazi kwenye intaneti ili meneja aweze kutazama kilo akiwa nyumbani. Tuliufunga. Sasa programu inaonekana ndani ya ofisi tu. Meneja alinung'unika wiki moja, na hatari ya nje ikapungua sana kwa siku moja.

Jambo la pili: nani hasa ataubeba mzigo? Kiraka kimoja ni kazi ya mara moja. Uamuzi wa kutia viraka ni kazi ya kila mwezi, kwa kuwa mwezi ujao ufa mwingine utatangazwa, na mwingine baada yake. Lazima awepo mtu mwenye jina anayefuatilia matangazo, anayeweza kusoma programu yenyewe, na mwenye mashine ya pembeni ya kujaribia kabla hajaigusa ya kazi. Yapo makampuni yanayouza viraka vya CentOS 7 baada ya Juni 2024 kwa malipo, na kwa ofisi yenye sababu ya kubaki hiyo ni njia halali. Nilichokikataa ni kushona mwenyewe viraka vya PHP peke yangu. Naweza kukisoma kiraka, lakini siwezi kuahidi kwamba mwaka ujao nitakuwepo Skuta kila ufa utakapotangazwa, na wakulima hawawezi kujengewa ulinzi wao juu ya afya ya mtu mmoja.

Jambo la tatu ni tarehe. Kiraka cha programu iliyostaafu ni mkopo, na mkopo usiokuwa na siku ya kulipa unageuka utumwa. Tatizo la programu ile halikuwa seva peke yake. Amri za zamani ilizotumia kuzungumza na hifadhidata ziliondolewa kabisa katika PHP 7 iliyotoka Desemba 2015, kwa hiyo haiwezi kuhamia PHP mpya bila kuandikwa upya sehemu kubwa. Kila mwaka unaopita umbali unaongezeka, na vijana wanaoijua PHP ya zamani wanapungua. Chama kiliamua hivi: viraka vya kununua kwa muda maalumu, mlango wa nje ufungwe, nakala ya akiba ichukuliwe kila jioni na kutolewa nje ya jengo, na programu iandikwe upya katika mfumo unaohudumiwa. Tarehe ya kuzima seva ya zamani iliandikwa katika kumbukumbu za kikao cha kamati, mbele ya wazee, si katika daftari la fundi.

Mbona kamati, mtu atauliza, na hili ni jambo la kompyuta? Kwa sababu linahusu pesa na data za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data za watu azilinde ipasavyo, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Kamishna akiuliza kwa nini mlikuwa mkitumia programu isiyohudumiwa, jibu la "fundi alisema ni sawa" halitasaidia. Kumbukumbu ya kikao inayoonyesha mliijua hatari, mkaipunguza, na mkaweka tarehe ya kuhama, inaweza kusaidia.

Turudi sasa kwa Windows 10, kwa kuwa ndiyo iliyo mezani mwa wengi wenu. Vipimo hivyo hivyo vitatu vinafaa. Nani anatia viraka? Microsoft yenyewe bado inatia, lakini kwa waliojiandikisha tu. Kwa mtu binafsi, mpango huo wa nyongeza unaendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na unaingia kwa kulipa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Microsoft, au bila malipo ukikubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio ya mashine yako kwao. Kwa kampuni na taasisi ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Bei hiyo ya kupanda imepangwa makusudi. Wanakuambia wazi kwamba kubaki nyuma kunazidi kuwa ghali.

Hapa nina manung'uniko. Watu wa Eneo la Uchumi la Ulaya walipewa mwaka huo wa nyongeza bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio ya mashine zao kwa Microsoft, baada ya mashirika yao ya kutetea walaji kulalamika. Sisi tunaotumia laptopu za mtumba zinazotoka huko huko Ulaya tuliachiwa masharti. Na Windows 11 haizikubali kirasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, wala mashine isiyokuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine iliyotumika miaka mitano Uingereza ikaja kutumika miaka mitano Mombasa ndiyo inayoangukia upande mbaya wa mstari huo. Watetezi wa walaji wa Kenya na mamlaka zetu za ushindani wangeweza kuuliza kilichoulizwa Ulaya. Sijaona sababu ya mteja wa Mtwapa kuwa mteja nusu.

Lakini manung'uniko hayazibi ufa. Mwenye mashine moja ya nyumbani, ajiandikishe katika mpango wa nyongeza leo, kisha ajue kwamba amenunua muda hadi Oktoba 2026, hajanunua mashine. Mwenye saiba ya mashine kumi ahesabu: dola 61 mara kumi kwa mwaka wa kwanza, kisha maradufu. Pengine pesa hizo zinanunua mashine chache za mtumba zinazokubali Windows 11, na zilizobaki zikawekewa Linux. Kwa kazi ya kufungua tovuti za serikali, barua pepe na kuandika, Ubuntu au Linux Mint inatosha kabisa, na toleo la muda mrefu la Ubuntu hupata viraka bure kwa miaka mitano. Shule au madrasa yenye maabara ya kompyuta ianze huko moja kwa moja. Wanafunzi wanajifunza kompyuta, hawajifunzi nembo ya kampuni.

Ipo pia mashine ambayo haiwezi kuhama: ile inayoendesha kifaa cha maabara au mzani, ambacho programu yake inakubali Windows ya zamani tu. Hiyo iache ifanye kazi yake, lakini itoe kwenye intaneti, usiichomeke flashi za kila mpita njia, na usiifanye iwe ndiyo ya kusomea barua pepe. Kukaa peke yake ndiko kinga yake.

Na mtu asidhani kwamba haya ni ya ofisi ndogo tu. Juni 2017, mwezi mmoja baada ya WannaCry, kirusi cha NotPetya kilipitia ufa ule ule, pamoja na kuiba nywila, kikaiangusha Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayaona kila siku yakishuka Kilindini. Mwenyekiti wake alisema baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Nakala muhimu ya orodha ya mtandao wao ilipatikana katika ofisi yao ya Ghana pekee, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ile ilikuwa nje ya mtandao kirusi kilipopita. Kampuni tajiri namna ile iliokolewa na giza la Ghana. Ofisi ya kaunti, zahanati au chama cha wavuvi kisitegemee bahati hiyo.

Ninachowaomba viongozi wa taasisi zetu ni kidogo. Mkataba wowote wa programu mnaousaini uandikwe ndani yake mambo mawili: programu hii itatiwa viraka na nani, na hadi tarehe gani. Mwuzaji asiyeweza kujibu hayo mawili anawauzia jahazi bila kuwaambia mbao zake ni za mti gani. Kwa zile mlizonazo tayari, karani mmoja akae asubuhi moja na daftari, aandike kila mashine, kila programu, na tarehe ya mwisho ya kila moja. Mtakuta nyingine zimepitwa na muda bila ya yeyote kujua. Anzeni na zile zilizo wazi kwenye intaneti, na zenye majina na pesa za watu ndani yake.